Betri hailishwi kwa pupa

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Asubuhi za mwezi Juni na Julai katika nyanda zetu za juu, kuanzia Mbulu mjini hadi Dongobesh, na kutoka Katesh hadi Basotu, zina kelele yake. Jogoo akishawika, hufuata mlio wa gari lisilotaka kuwaka. Stata inakoroma mara mbili, mara ya tatu inalia "tik", kisha kimya. Dereva anashuka, utingo anashuka, abiria waliojifunika mashuka nao wanashuka, na gari linasukumwa. Likiwaka watu wanacheka, safari inaanza, na hakuna anayeuliza kwa nini lilikataa. Kesho yake mchezo ni ule ule.

Juma hili naomba tuulize. Tuzungumze juu ya betri ya gari, na zaidi juu ya ile mashine inayoirudishia umeme, ambayo sote tunaiita chaja. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Katika wilaya zetu mbili gari la mtu mmoja mara nyingi ni gari la kijiji kizima. Noah inayobeba abiria mchana ndiyo inayogongewa dirisha saa nane usiku, mama mjamzito akizidiwa, ili imkimbize Haydom au hospitali ya wilaya. Lori linalobeba vitunguu na mahindi ndilo linalobeba majeruhi. Hatujasahau tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Siku kama ile gari lenye afya ni sehemu ya uokoaji, na gari la kusukuma ni mzigo mwingine.

Basi kwa nini betri zetu hazidumu? Jibu la haraka mitaani ni kwamba betri za siku hizi ni bandia. Ni kweli zipo betri mbovu madukani. Lakini betri nyingi huingia kwa mwenye gari zikiwa nzima, na zinauawa polepole na sisi wenyewe. Na silaha tunayotumia mara nyingi ni ile ile tuliyoinunua ili iziponye: chaja isiyofaa, inayotumiwa kwa haraka.

Ili tuelewane, tuifungue betri kwa maneno. Betri hii ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo kanuni yake haijabadilika. Ndani ya sanduku la betri ya volti 12 kuna vyumba sita, na kila chumba kinatoa volti mbili na ushee. Katika kila chumba kuna sahani za madini ya risasi zilizozama katika maji yenye tindikali. Unapowasha gari au taa, tindikali inaingia kwenye sahani na kuzifunika kwa utando mweupe, nao umeme unatoka. Unapochaji, unaulazimisha umeme urudi kinyume, utando unayeyuka, na tindikali inarudi majini. Hiyo ndiyo kazi yote ya chaja.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo moyo wa mazungumzo ya leo. Ule utando ukiwa mpya ni laini, unaondoka kwa urahisi. Betri ikiachwa bila chaji kwa majuma kadhaa, utando unakomaa na kuwa mgumu kama ukoko wa ugali uliolala sufuriani. Hapo hata ukileta chaja ya namna gani, sehemu ya sahani imekwisha kufa. Kwa upande mwingine, ukiingiza umeme mwingi kwa nguvu ili betri ijae haraka, sahani haziwezi kuupokea wote. Unaobaki unageuka kuwa joto na kuyapasua maji kuwa gesi. Betri inatokota, sahani zinapinda na kupukutika, na vumbi la risasi linajikusanya chini mpaka linagusanisha sahani. Kwa hiyo betri inauawa na njaa, na inauawa na ulafi.

Wafugaji wanaonisikiliza Balangdalalu na Yaeda Chini watanielewa upesi kuliko watu wa mjini. Ng'ombe aliyekondeshwa na kiangazi humwachii ghafla kwenye majani mabichi yaliyolowa, ale mpaka ashibe. Tumbo litajaa gesi na utampoteza siku ile ile uliyodhani unamwokoa. Unampa kidogo kidogo. Betri iliyokwisha ni ng'ombe yule yule. Nayo, kama ng'ombe, ikilishwa kwa pupa inajaa gesi.

Turudi sasa kwenye vibanda vyetu vya kuchaji. Kabla nyaya za umeme hazijafika vijijini, vibanda hivi vilikuwa tegemeo kubwa. Watu walifunga betri kwenye baiskeli au mgongoni mwa punda, wakaipeleka mahali penye umeme au jenereta, ili redio izungumze na taa iwake nyumbani. Kazi hiyo haijakwisha, ingawa sasa wateja wengi ni wenye magari, pikipiki na matrekta. Siwalaumu vijana wa vibandani. Wanalipwa kwa idadi ya betri, na mteja akifika anasema, "Fanya haraka, narudi saa saba." Kijana anaizungusha swichi ya chaja hadi mwisho. Baada ya saa mbili betri inatoa povu, mteja anaichukua, gari linawaka, kila mtu anafurahi. Jioni gari halishiki. Umeme ule ulikuwa juu juu tu, kama maji ya mvua ya dakika tano juu ya shamba lililokauka: uso umelowa, mizizi haijapata kitu.

Hesabu yake si ngumu. Betri nyingi zina maandishi ya uwezo wake, unaopimwa kwa ampea-saa. Ile inayoitwa N50 ina takriban ampea-saa 50, N70 takriban 70, na N100 takriban 100. Kanuni ya miaka mingi ya mafundi ni kwamba betri ya maji ichajiwe kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo huo. Betri ya 50 inataka ampea 5, na ya 70 inataka ampea 7. Tuseme betri yako ni ya 60 na imebakiwa na nusu. Imepungukiwa ampea-saa 30. Chaja ya ampea 6 ingezirudisha kwa saa tano, lakini si umeme wote unaoingia unaohifadhika, na mwishoni betri hupokea polepole. Ongeza basi saa mbili au tatu. Jibu ni usiku mmoja. Atakayekuahidi kuijaza betri hiyo kwa saa moja anakuuzia kifo chake kwa bei nafuu.

Sasa tuseme umeamua kununua chaja yako mwenyewe, ama peke yako, ama kwa kuchangiana na wenzako watatu wenye magari. Uchaguzi mzuri huo. Uangalie nini dukani?

Kwanza, volti. Noah, teksi na pikapu nyingi ni volti 12. Malori mengi, kama Fuso, yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24. Chaja nyingine ni ya volti 12 tu, nyingine ina swichi ya 12 na 24. Yenye swichi ni nzuri kwa mwenye lori, lakini inadai macho. Ukiweka 24 kwenye betri ya 12 utaichemsha, na inaweza hata kupasuka. Kabla ya kuwasha, mkono uende kwenye swichi na mdomo usome kwa sauti.

Pili, ampea. Usivutwe na namba kubwa. Kwa gari dogo, chaja ya ampea 4 hadi 8 inatosha kabisa. Ya ampea 10 inafaa kwa mwenye betri kubwa. Soma pia namba hiyo inahusu nini: ni ampea inazotoa kwa muda wote, au ni zile za kilele cha dakika chache? Wauzaji wengine huandika ya kilele kwa maandishi makubwa. Na usichanganye umeme unaoingia kwenye chaja kutoka ukutani na ule unaotoka kwenda kwenye betri. Unaokuhusu ni wa pili.

Tatu, aina ya betri. Ipo betri ya maji yenye vifuniko sita vya kufungua, na ipo iliyozibwa, ambayo wengi tunaiita betri kavu. Zipo pia za jeli, zinazopatikana zaidi kwenye mitambo ya jua. Betri iliyozibwa ikichemshwa haina mlango wa kurudishia maji, na ya jeli huharibika upesi zaidi ikisukumwa kwa volti nyingi. Kama betri yako ni ya namna hizo, tafuta chaja iliyoandikwa wazi kwamba inaifaa.

Nne, chaja inajua kusimama? Zile za zamani zenye transfoma nzito na mshale wa kupimia ampea ni imara, zinatengenezeka, na nyingine zimefanya kazi miaka mingi. Lakini nyingi kati yake hazijui kwamba betri imeshiba. Zitaendelea kumimina mpaka utakapokuja wewe, au mpaka maji yatakapokwisha. Zile mpya za kujiendesha zinapima betri zenyewe, zinapunguza umeme kadiri inavyojaa, na mwisho zinabaki zikiishikilia tu. Mwenye usingizi mzito na achague hizi. Zina tabia mbili za kujua. Betri ikiwa imekwisha kabisa, nyingine hukataa kuanza, kwa kuwa haziioni betri. Usikimbilie kusema chaja ni mbovu. Mwone fundi kwanza. Na umeme ukikatika usiku kisha ukarudi, nyingine hazianzi tena mpaka ubonyeze kitufe. Unaamka asubuhi ukidhani umechaji, kumbe ulichaji dakika ishirini.

Tano, mwili wa chaja. Zamani tulipima kwa uzito: nzito ndiyo nzuri. Siku hizi kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu zipo chaja nyepesi zilizotengenezwa vizuri. Angalia nyaya: ziwe nene na laini. Angalia vibanio: viume kwa nguvu. Uliza kama ina fyuzi, na kama inajilinda ukikosea kuunganisha. Tafuta alama ya ubora ya TBS, dai risiti, na bora zaidi nenda na betri yako dukani iunganishwe mbele ya macho yako. Chaja inayowaka moto mpaka huwezi kuishika na kunuka plastiki iliyoungua ndani ya saa moja, iache hapo hapo kwa mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, chaja nzuri mkononi mwa mtu asiye makini ni hatari. Betri inayochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, hutoa gesi ya haidrojeni pamoja na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikifika kiasi cha sehemu 4 tu katika 100 za hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo usichaji betri chumbani unapolala na watoto, wala jikoni penye mafiga au jiko la mkaa, wala kwenye kibanda kilichofungwa dirisha kwa sababu ya baridi. Najua baridi yetu. Lakini betri inataka hewa. Sigara, mshumaa na kibatari vikae mbali, na usimulike ndani ya betri kwa kiberiti ili kuona maji. Tumia tochi.

Utaratibu wa kuunganisha uwe huu, na anayeweza na auandike ukutani. Zima gari na vyote vinavyotumia umeme. Magari ya siku hizi yana vifaa vya kompyuta. Ni salama zaidi kuondoa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kuchaji, hasa ukitumia chaja ya zamani, na kuiunganisha chaja kwenye betri peke yake. Chaja ikiwa bado haijachomekwa ukutani, weka kibanio chekundu kwenye kichwa cha chanya, chenye alama ya kujumlisha. Kisha weka cheusi kwenye hasi. Kama waya wa hasi haukuondolewa, kibanio cheusi kiume chuma kitupu cha injini, mbali kidogo na betri. Hapo ndipo uchomeke ukutani na kuwasha. Wakati wa kumaliza, fanya kinyume: zima kwanza ukutani, ndipo utoe vibanio. Sababu ni moja tu. Cheche hutokea pale mahali pa mwisho kuunganishwa na pa kwanza kuachanishwa, na hatutaki cheche juu ya gesi.

Kwa betri ya maji, angalia kiwango kabla ya kuanza. Kama sahani zimechomoza, ongeza maji yazifunike tu. Kiwango kamili kijazwe baada ya kuchaji, maana maji hupanda betri inapojaa. Na hapa pana kosa linalofanyika sana. Kinachopungua katika betri ni maji. Tindikali haiondoki na mvuke. Kwa hiyo unaongeza maji safi ya betri, yale yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Huongezi tindikali. Wala huongezi maji ya bomba au ya kisima, kwa kuwa yana chumvi na madini yanayoharibu sahani. Ukinunua chupa dukani, uliza na usome: ni maji au ni tindikali? Na chupa hiyo isikae kamwe karibu na chupa za soda. Watoto hawasomi lebo.

Tindikali ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi, mfululizo, kwa dakika zisizopungua 20, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepoa. Ikimwagika sakafuni au kutengeneza ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, dawa tunayo jikoni. Magadi yale tunayopikia makande, yakikorogwa katika maji, huipoza tindikali na kusafisha vichwa vizuri. Angalia tu yasiingie ndani ya betri, maana humo tindikali ndiyo uhai wake.

Utajuaje kwamba imejaa? Povu pekee si ushahidi. Iache betri ipumzike saa kadhaa baada ya kuchaji, ndipo uipime kwa mita. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 iko karibu na nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na kila siku unayoichelewesha ule ukoko unakomaa. Kwa betri ya maji kipo kipimo bora zaidi, hidromita, ile bomba ya kioo yenye mpira wa kufyonza na boya ndani. Maji ya chumba kilichojaa husoma kati ya 1.25 na 1.28. Pima vyumba vyote sita. Vitano vikiwa sawa na kimoja kikibaki chini sana baada ya usiku mzima wa kuchaji, chumba hicho kimekufa. Hapo usimlaumu mwenye chaja, na usikubali kulipia usiku wa pili.

Na si kila gari lisilowaka lina tatizo la betri. Injini ikiwa inaunguruma, mita kwenye vichwa vya betri isome karibu volti 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, au mkanda umelegea. Hata ukiwa na chaja bora wilaya nzima, utakuwa unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Vivyo hivyo, mwenye kuzunguka sokoni tu, akizima na kuwasha kila baada ya robo saa huku redio ikipiga muziki, asitegemee alteneta imrudishie umeme wote. Huyo hasa ndiye anayehitaji chaja, walau usiku mmoja kwa majuma machache. Na baridi nayo ina haki yake: asubuhi ya Mbulu betri hutoa nguvu pungufu, wakati oili ya injini imekuwa nzito na stata inataka nguvu zaidi. Betri iliyojaa nusu inaweza kukuficha Februari nzima. Julai itakutangaza.

Neno kwa wakulima. Tambarare za Basotu zimejua mashine kubwa tangu miaka ya 1970, mashamba ya ngano yalipofunguliwa kwa msaada wa Kanada. Leo wapo wakulima wengi wenye matrekta, na mashine za kuvunia bado zinaonekana. Tabia ya mashine hizi ni kufanya kazi majuma machache na kusimama miezi mingi. Betri iliyosimama hujimaliza yenyewe kidogo kidogo, hata kama hakuna aliyeigusa. Mavuno yanarudi, ngano imekauka, mvua inanusa, na betri imekuwa jiwe. Ushauri ni mwepesi: mavuno yakiisha, toa waya wa hasi, safisha betri, ijaze, na uichaji tena angalau mara moja kwa mwezi. Pasipo na umeme wa waya, paneli ndogo ya jua inafanya kazi hiyo vizuri, lakini ipitie kwenye kifaa cha kudhibiti chaji. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa hadi 20 na zaidi juani, nayo ikiunganishwa moja kwa moja itakuchemshia betri bila wewe kujua. Na kwa wenye malori: zile betri mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zinunuliwe pamoja, ziwe za uwezo mmoja. Kama una chaja ya volti 12 tu, zitenganishe kwanza, uchaji moja baada ya nyingine.

Betri nayo ina mwisho wake, hata ikitunzwa. Ikifa, isitupwe korongoni wala isipasuliwe uani ili kuyeyusha risasi. Risasi ni sumu, na inawaumiza watoto kuliko wakubwa, hasa akili zao. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watu wakaugua. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa miaka mingine. Hakuna fidia inayomrudishia mtoto akili. Iuze betri nzima, pamoja na maji yake, kwa mnunuzi anayezikusanya kwa ajili ya viwanda vyenye kibali.

Namalizia kwa ombi, na ombi langu ni kwa watu watatu. Wenye vibanda: nunueni hidromita moja na chaki. Betri ikiingia, ipimeni na mwandike namba yake juu ya sanduku. Ikitoka, mwandike tena. Mteja aone alicholipia. Mkifanya hivyo mtaweza kudai bei ya usiku mzima bila ugomvi, na vijana waliosomea umeme wa magari VETA watapata heshima ya kazi yao. Wenye magari: acheni kumwambia fundi "fanya haraka". Ileteni betri jioni, ichukueni asubuhi, na mlipe thamani ya subira yake. Viongozi wa vijiji: katika ile orodha ya magari mnayoyategemea usiku, ongezeni swali moja tu, betri zake zinapimwa na nani, na lini.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Sijui kama walikuwa na chaja mawazoni, lakini hakuna aliyewahi kuieleza vizuri zaidi. Bei ya betri mpya kwa mkulima ni magunia ya mahindi, na kwa mgonjwa wa saa nane usiku haina bei kabisa.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo, siku na saa kama hii.